Bega la Nondo

Nondo alikuwa tayari kuchomwa sindano popote mwilini, ila si kwenye dirisha lile. Alimwambia daktari hivyo hivyo, kichwa kimeinama, kofia ya kazi iliyojaa matundu ya cheche ameilaza mapajani.

"Dirisha lina nini?" daktari akauliza.

"Lina shemeji yangu."

Daktari alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Mchoma sindano wa zahanati ile alikuwa dada wa mke wa Nondo, baba mmoja mama mmoja, na mtaa mzima ulimwita Dada Sindano. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hata watoto walimaliza kuchomwa kabla hawajakumbuka kulia. Mdomo ndio haukujua kupumzika. Wagonjwa walijipanga kwenye benchi nje ya dirisha, na kila aliyefikiwa aliulizwa kwa sauti ya sokoni amekuja kuchomwa nini, na kwa nini, na tangu lini.

"Haya, nisikilize," daktari akasema. "Damu yako tumeipima mara mbili, zote asubuhi, na zote zinasema jambo moja. Homoni ya kiume imeshuka mno. Huo uchovu, huko kukosa hamu, hiyo misuli inayoyeyuka, chanzo ni hicho. Hukurogwa, na si uvivu."

"Kazini wanasema Nondo imekuwa waya."

"Waache waseme. Dawa zipo. Sindano ndiyo inayolipika, na unachomwa kila baada ya wiki kadhaa. Vidonge vya kumeza vipo pia, lakini vile vya zamani vinaumiza ini, na vipya huku havifiki. Kuna vingine vya kuuamsha mwili utengeneze wenyewe, hivyo nawapa wanaotafuta mtoto. Mnatafuta?"

"Binti yetu ameshaolewa, daktari. Tumefunga duka."

"Basi tukiacha sindano inabaki jeli. Unajipaka mabegani kila siku. Ila bei yake itakukaba koo."

"Nipe hiyo inayokaba."

Daktari akamweleza: apake asubuhi akishaoga, anawe mikono kwa sabuni, aiache ikauke, avae shati juu yake. Tena mtu mwingine asiguse pale. "Mkeo anajua umekuja?"

"Anajua," Nondo akadanganya, maana mke alijua amekwenda kununua vyuma.

Maelezo yote aliyasikia. Hilo la mwisho, la kutoguswa, alilielewa kwa namna ya kazi yake. Karakana yao ilitengeneza mageti, na kila geti likishapigwa rangi lilitundikiwa kipande cha boksi kilichoandikwa "Usiguse." Hakuna aliyewahi kudhani kibao kile kiliwekwa kumlinda mwenye mkono. Kililinda rangi. Ikishakauka, kibao kinatolewa na kila mtu anashika anapotaka. Kwa hiyo Nondo aliondoka zahanati akijua jambo moja kwa uhakika: jeli ni ghali, ikiguswa ikiwa mbichi itafutika na pesa itakwenda na maji. Ikikauka, haihitaji tena kulindwa.

Boksi la dawa, lenye karatasi ya maelezo, alilitupa njiani. Chupa akaificha ndani ya kofia yake nyingine, ya chuma, ya kuchomelea, ambayo mke wake hakuigusa kwa sababu ilimpaka masizi.

* * *

Mke wake alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kibanda chake kilikuwa juu, nyuma ya kioo kilichofifia, kwa hiyo mji mzima ulimjua na hakuna aliyemjua. Angepita sokoni asisalimiwe na mtu, lakini akifungua mdomo kuuliza bei ya kitunguu, vichwa vinageuka. "Wewe ndiye wa treni!" Wauzaji walimwongezea kitunguu ili aseme tu, "Abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari." Walimwita Kinanda. Alikuwa na sauti nyembamba isiyopasuka, inayokwenda mbali bila kupiga kelele, na alipotangaza kwamba treni imechelewa, watu waliichukia treni, yeye wakamsamehe.

Zamu yake ilianza alfajiri na kwisha alasiri. Akirudi nyumbani hakusema. Alikuwa na desturi yake mwenyewe: anaketi kwenye benchi la uani, analaza shavu na shingo juu ya bega la mumewe, anafumba macho, na koo linapumzika mpaka jua litue. Nondo, akitoka kazini, alikuwa ameshaoga, amekaa kifua wazi kwa joto. Majirani waliwapitia na ndoo zao. "Wachumba, shikamooni!" Nondo alipunga mkono tu.

Asubuhi walivaa pamoja katika chumba kimoja, hapakuwa na pa kujificha. Kwa hiyo Nondo alipaka jeli hiyo jioni, bafuni, akapepea mabega kwa taulo mpaka ngozi ikawa kavu kama geti lililosimama juani siku nzima. Ndipo akatoka kuketi kwenye benchi.

Dawa ilifanya kazi. Wiki zilipita, akaanza kuamka kabla ya mke wake. Kule karakana walikuwa wamempa brashi, kazi ya wanafunzi, kwa sababu alishindwa kunyanyua fremu. Siku moja aliiweka brashi chini, akaingia katikati ya wanaume wawili waliokuwa wakihangaika na ubavu wa geti, akaubeba.

"Ehee! Waya imerudi kuwa nondo!" wakapiga makofi. "Umekula nini, mzee? Tuonjeshe!"

"Chakula cha nyumbani," akasema.

Nyumbani nako kulirudi kucheka. Kinanda hakuuliza kitu, alishukuru kimoyomoyo, akaona mume wake amepona kwa sababu mambo mengine hupona. Akawa anamwegemea zaidi. Hata asubuhi alijibanza penye bega lile kabla ya kwenda kazini, dakika mbili tatu, kama mtu anayejipasha moto.

* * *

Mwanzoni walidhani ni mafua.

Sauti ilikwaruza. Dada Sindano akaleta asali, akaleta tangawizi, akaleta chumvi ya kusukutua, akaleta na lawama. "Unakunywa maji ya baridi. Nimekwambia tangu utotoni." Kinanda akasukutua. Sauti ikaacha kukwaruza, ila haikurudi mahali pake. Ilishuka ngazi moja, ikakaa hapo. Kisha ikashuka nyingine.

Pamoja nayo kukaja mambo ambayo hakumwambia mtu. Chunusi zilimtoka kidevuni kama msichana wa shule. Siku zake za mwezi zikapotea. Alikuwa mtu wa maneno ya polepole, sasa alimfokea jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia, akaingia ndani akalia kwa aibu. Asubuhi moja Nondo alimkuta dirishani na kioo kidogo, akijing'oa kitu kidevuni.

"Unafanya nini?"

"Toka," akasema, bila kugeuka. "Tafadhali, baba. Toka kwanza."

Nondo alitoka, akasimama uani na shati mkononi.

Stesheni walianza kwa utani. Wabeba mizigo walisema Kinanda kimeingia maji. Abiria mmoja alipaza sauti chini ya kile kibanda, "Kaka, rudia, hatujasikia!" na wenzake wakacheka. Mkuu wa stesheni akamwita ofisini, akamwonyesha kiti kwa heshima nyingi, na heshima ile ndiyo iliyomtisha.

"Mama, watu wanapiga simu," akasema. "Wanauliza yule dada kaenda wapi. Nimewaambia anaumwa. Sasa naomba unisaidie, ninyi watu wa sauti mna hospitali zenu? Nenda. Nakupa muda. Lakini usiwe muda wa kunizeesha."

Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe kwa kunong'ona, kwa sababu mnong'ono ulikuwa bado wake. "Sijui kazi nyingine," akasema. "Nikitolewa pale, mimi ni nani?" Akalaza shingo begani, palepale, pakavu.

* * *

Hospitali kubwa walikwenda watatu, kwa sababu Dada Sindano hakukubali mdogo wake aende kuonwa na watu asiowajua bila mtu wa kuwauliza maswali. Koo lilimulikwa. Damu ikachukuliwa. Siku ya majibu, kijana wa maabara alitokeza kichwa mlangoni akiwa na kichupa, akaangalia benchi, akaangalia kichupa.

"Hii ya nani? Humu kuna homoni za mwanamume. Nadhani tumechanganya na ya mzee." Akamnyooshea Nondo kidole.

"Huyo hajatoa damu," Dada Sindano akasema. "Soma jina vizuri, mwanangu."

Alisoma vizuri. Alisoma tena. Watu wa benchi zima walikuwa wameacha mazungumzo yao, wakimtazama Kinanda kuanzia viatuni kwenda juu, na aliyekaa karibu naye akasogea kidogo, hata mwenyewe hakujua kwa nini.

Daktari wa pale alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba. Aliwaingiza, akafunga mlango. "Mama, unachoma sindano zozote za kujenga mwili? Unameza kitu?"

"Nameza tangawizi."

"Nyumbani je? Kuna mtu anatumia dawa ya homoni ya kupaka? Mume, kwa mfano. Kuna jeli ambayo wanaume wanapewa. Ngozi ya mwenzake ikigusana na pale, inapita. Hata ikikauka inapita. Ndiyo maana wanaambiwa wavae shati na watu wasiguse."

Nondo aliona geti, na kibao cha boksi, na maandishi yake mwenyewe ya mkono.

Kinanda akacheka. Kilikuwa kicheko kizito, kikamshtua mwenyewe, akakimeza. "Mume wangu? Daktari, huyu hata panadoli hamezi. Huyu ni Nondo."

"Mwangalie alivyo," Dada Sindano akaongeza. "Huyu akose homoni? Angekosa ningejua. Dawa zote za mtaa ule zinapita mkononi kwangu."

Daktari hakuwatazama wao. Alimtazama Nondo, akangoja, muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Nondo alikuwa akiangalia vidole vyake.

"Sawa," daktari akasema. "Tutaendelea kutafuta. Inaweza kuwa uvimbe, tutapiga picha za tumbo. Ila nawaambia mapema ili msinilaumu. Chanzo kikiondolewa, chunusi zitaondoka, mwezi utarudi. Sauti ikishashuka hairudi. Tunachoweza ni kuizuia isishuke zaidi. Kwa hiyo kila siku inayopita ina hasara yake."

Nje, kwenye ngazi, Kinanda alimshika mumewe mkono. "Uvimbe," akanong'ona. "Umesikia? Anasema uvimbe." Nondo akasema Mungu ni mkubwa.

* * *

Kuanzia siku hiyo Nondo alivaa shati jioni, amelifunga vifungo mpaka shingoni. Alisema mafundi wote wamekuwa wakiugua kifua. Kitandani alilala ukingoni, amegeukia ukuta. Kuacha dawa alijaribu, akarudi kwenye brashi, akasikia tena lile neno la waya, akarudi bafuni. Aliendelea kujiambia kwamba sasa haipiti, amevaa shati, mambo yamekwisha, na sauti labda itapanda, madaktari nao hukosea. Mke wake alipigwa picha za tumbo. Uvimbe haukuonekana, na walipokwenda kuambiwa hivyo alimshukuru Mungu kama mtu aliyeachiwa huru, halafu akauliza, "Sasa ni nini?"

Alasiri moja alirudi mapema. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye kikombe chake, kanga aliyokuwa akijifunika kibandani, na ule mto mdogo wa kiti. Aliviweka chini, akaketi kwenye benchi la uani.

"Wamenipeleka stoo ya mizigo," akasema. "Kupokea masanduku. Mkuu anasema nishukuru."

Akainamisha kichwa, kwa mazoea ya miaka, kutafuta bega. Nondo akasogea pembeni. Kichwa cha Kinanda kikabaki hewani, kikarudi taratibu mahali pake.

"Hata wewe," akasema.

"Si hivyo, mama."

"Hata wewe nimekuchosha. Usiku unalala ukutani. Mchana unajifunga vifungo kama padri. Sema tu, baba. Ukilala na mimi unasikia umelala na mwanamume mwenzako, si ndiyo? Sema. Leo nimeambiwa yote, ongeza na hilo."

Nondo alinyanyuka, akaingia ndani. Kinanda akadhani ndilo jibu lenyewe. Lakini alirudi na kofia ya chuma ya kuchomelea, akaigeuza chini juu, chupa ikamwangukia mkononi. Akaiweka kwenye benchi, kati yao.

"Ni mimi," akasema. "Ile aliyouliza daktari. Ni hii."

Kinanda aliishika chupa. Aliisoma upande mmoja, akaigeuza, akaisoma upande wa pili. Uani jirani mmoja alikuwa akiosha masufuria.

"Nilidhani ikikauka haina kitu," Nondo akasema. "Kama rangi. Wallahi nilidhani kama rangi. Niliona katazo ni la kuilinda dawa."

"Ulidhani hivyo mpaka lini?"

Nondo akaifuta masizi ile kofia.

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka kwa daktari wa miwani."

"Mpaka pale nilipocheka," Kinanda akasema. "Pale nilipokutetea mbele ya watu, na wewe umekaa." Hakupandisha sauti. Alikuwa ameshajifunza kwamba akiipandisha, watu hutoka kuangalia ni mwanamume gani anampiga mkewe. "Na tumbo langu likapigwa picha. Na mimi nikamwaga machozi ya uvimbe. Nilikuwa nimekushika mkono."

"Niliona aibu. Dada yako alikuwepo. Na sindano yenyewe nilikataa kwa sababu yake, nilijua atasema kwa..."

"Atasema kwa nani? Kwa wabeba mizigo? Mimi wameniita kaka mbele ya treni nzima." Akairudisha chupa kwenye benchi, taratibu, akaangalia kiganja chake, akanyanyuka kwenda kukinawa kwa sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza aliokota mfuko wake wa plastiki, akaingia ndani, na jioni hiyo alilaza kichwa kwenye ule mto mdogo wa kiti cha kibandani, peke yake.

* * *

Nondo alikwenda kwenye dirisha la sindano wiki ileile. Alikuta benchi limejaa, akajipanga. Alikuwa amejiandaa. Njiani alirudia maneno yake kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa: nimekuja kuchomwa homoni ya kiume, kwa sababu yangu imeisha. Alitaka aulizwe kwa sauti. Alitaka benchi zima lisikie, liende likasimulie.

Alipofika, Dada Sindano alipokea karatasi ya daktari, akaisoma. Hakuuliza amekuja kuchomwa nini. Hakusema shem, hakusema karibu. Alivuta pazia ambalo wagonjwa hawakuwahi kujua kwamba linavutika, akamwonyesha kitanda, akamchoma. Kwa mara ya kwanza mkono ule uliuma. Alipomaliza alivuta pazia, akaita, "Anayefuata!"

Kutoka pale alipitia stesheni. Kinanda alikuwa amesahau chakula, au alikiacha makusudi, Nondo hakuwa na haki ya kuuliza. Stoo ya mizigo ilikuwa mwisho wa jukwaa la kwanza, dirisha dogo la nondo za chuma lililowekwa chini kiasi kwamba aliye ndani huonekana mikono tu. Nondo alizitambua nondo zile. Karakana yao ndiyo iliyozichomelea.

"Chakula chako," akasema.

Mikono ikapokea bakuli. "Asante."

Alikuwa bado amesimama pale alipomsikia. Juu, kwenye vipaza sauti vyote, nyembamba, safi, isiyopasuka: "Abiria mnaombwa kusogea nyuma ya mstari. Treni inaingia jukwaa la pili." Aliinama kuchungulia dirishani, akamwona mke wake ameketi juu ya sanduku la mtu, mdomo umefungwa.

"Ni kanda," Kinanda akasema. "Walinirekodi zamani, siku ya majaribio. Sasa wanazungusha hiyo. Haiugui, haiombi likizo." Akasita, akasikiliza reli, kama alivyozoea kusikiliza kutoka kibandani. "Treni hiyo haiingii la pili. Inaingia la nne. La pili lina behewa bovu tangu asubuhi."

Jukwaa la pili lilikuwa limefurika watu, mizigo, wanawake wenye watoto mgongoni, wote wamegeukia upande usiofaa, wakiiamini ile sauti kama walivyoiamini miaka yote. Treni ilikuwa inapiga honi kwenye kona. Hakuna aliyetoka kwenye kibanda cha juu.

Kinanda aliweka bakuli chini. Akasogea dirishani, akashika nondo mbili, akavuta pumzi hadi tumboni.

"Jukwaa la nne!" akanguruma. "Abiria wote, jukwaa la nne! Vukeni darajani, msipite relini! La nne!"

Sauti ile nzito ilipita juu ya honi, ikapita juu ya kanda, ikagonga paa la mabati na kurudi. Watu wakageuka. Wakaanza kukimbia darajani na masanduku vichwani, na walipoipita stoo walitafuta kwa macho mwanamume aliyesema. Mwanamume aliyesimama pale alikuwa mmoja.

Bibi mmoja mwenye vifurushi viwili alimshika Nondo mkono akiwa bado anatweta. "Asante sana, baba. Isingekuwa wewe tungeachwa."

"Si mimi," Nondo akasema. "Bibi, si mimi, ni..."

Lakini bibi alikuwa ameshafika kwenye ngazi za daraja. Wengine walikuwa wakipita, wakimpungia mkono, wakimwitikia kwa kichwa. Kijana mmoja akampiga bega kwa shukrani, lile lile bega, akakimbia.

Nyuma yake, kupitia nondo, Kinanda alikuwa ameshapokea tikiti ya mzigo ya mtu mwingine.

"Sogea," akamwambia. "Unaziba dirisha."